Maharagwe Yaliyooshwa kwa Ajili ya Mashine

Kabla mashine haijaja, kazi katika ghala la mbegu mjini Gisenyi ilikuwa inajulikana. Wanawake ishirini na wawili walikaa kwenye mikeka, kila mmoja na ungo wake, wakichambua maharagwe. Mazuri yalikwenda kulia. Mabovu yalikwenda kushoto. Mawe yalitupwa nje ya mlango. Walipiga soga, walitaniana, walipeana habari za ndugu zao wa Goma. Gunia moja lilimaliza siku nzima ya mtu mmoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Msimamizi wao aliitwa Vestine, lakini wengi walimwita Mama Diane, kwa jina la binti yake wa kwanza. Jicho la Vestine lilikuwa kali. Doa la ukubwa wa kichwa cha sindano halikumpita. Ulimi wake nao ulikuwa mkali, ila kwa watu wa rika lake tu. Mbele ya wakubwa na mbele ya wageni alikuwa mtu wa adabu nyingi, pengine nyingi kupita kiasi.

Mwezi wa Agosti mwaka 1999 mashine ikaja.

Ilikuwa ndefu kama mlango. Juu yake kulikuwa na pipa la kumiminia maharagwe. Chini ya pipa kulikuwa na mfereji wa bati uliotikisika na kuyasukuma maharagwe moja moja. Maharagwe yalipoanguka kutoka mfereji ule, yalipita mbele ya taa mbili nyeupe na kamera. Kamera ilitazama rangi ya kila haragwe. Likiwa zuri, lilianguka kwenye kasha la kijani. Likiwa baya, mrija mdogo ulipuliza hewa, pu! Likarushwa kwenye kasha jekundu. Mambo yote hayo yalikwisha kabla mtu hajapepesa jicho.

Callixte, mkuu wa ghala, alifurahi kama bwana arusi. Wiki ileile aliwarudisha nyumbani wanawake kumi na wanane.

"Mashini moja inashinda bamama makumi mbili," alisema. "Bon. Hakuna mazungumuzo."

Wakabaki wanawake wanne, na Vestine wa tano.

Maharagwe yale hayakuwa ya sufuria. Yalikuwa mbegu. Huko milimani watu wengi walikuwa wamerudi kwenye mashamba yao baada ya miaka mibaya ya vita. Mwaka uliopita walipanda maharagwe ya sokoni, kwa kuwa hawakuwa na mengine. Maharagwe yale yalikuwa na madoa meusi, na madoa yale ni ugonjwa. Ugonjwa ukaingia shambani pamoja na mbegu. Maganda yakatoboka vidonda na kuoza kabla ya kukomaa. Uwera, mdogo wake Vestine, alivuna kikapu kimoja kwenye shamba lililozoea kumpa magunia mawili.

Safari hii walingojea mbegu safi. Lori lilikuwa lije kuzichukua siku ya Ijumaa, ili ziwafikie kabla ya mvua za Septemba. Magunia mia mbili ya wakulima wa Nyakiriba yalikuwa yamepangwa ghalani, yakingoja kupita kwenye mashine.

Jumatatu asubuhi Vestine alisimama mbele ya mashine, mikono kiunoni. Kasha jekundu lilikuwa limejaa mpaka linamwagika. Kasha la kijani lilikuwa na maharagwe ya kumtosha mtu mmoja, tena mtu aliyekwisha kushiba.

"Shefu, kuya uone!" alimwita Callixte. "Mashini yako iko natupa maharagi yote!"

Callixte alikuja polepole, akifuta miwani.

"Inatupa mabaya, Mama Diane. Ndiyo kazi yake."

"Mabaya? Angalia hii. Na hii. Iko na ubaya gani?"

"Wewe macho yako imechoka. Hii ni kamera. Kamera haichoke."

"Haichoke, lakini imepata wazimu! Na wenye kulima haya, nitawaambia nini?"

Callixte alichukua haragwe moja kutoka kasha jekundu. Akalitazama huku na huku. Halikuwa na kasoro. Akachukua la pili, la tatu. Akakohoa. Kisha akafanya kile ambacho wakubwa wengi hufanya wakikosa jibu: akaipiga mashine kofi ubavuni.

Mashine ikaendelea. Pu! Pu! Pu!

"Iko kifungo cha kupunguza ukali," akasema. "Hakuna shida."

Akakizungusha kifungo mpaka mwisho. Sauti ya hewa ikanyamaza. Sasa kila kitu kilianguka kwenye kasha la kijani. Maharagwe mazima yakaanguka. Maharagwe yaliyooza yakaanguka. Madonge ya udongo yakaanguka. Hata kifungo cha shati la mtu kikapita, kikahesabiwa kuwa mbegu.

"Umeona?" Callixte alisema. "Imetengenezeka."

Vestine alikiokota kile kifungo cha shati, akakiweka kwenye kiganja cha mkuu wake.

"Ukipanda hiki, utavuna mashati," alimwambia. "Shefu, piga simu Kigali. Leo leo. Mi nimechoka."

Callixte akakirudisha kifungo cha mashine mahali pake, akamwaga kasha la kijani, akapiga simu.

Jumanne asubuhi mambo yalizidi kuwa mabaya. Mzee Bizumuremyi aliingia ghalani na fimbo yake, akaketi kwenye benchi karibu na mlango. Alikuwa mkulima wa Nyakiriba mwenye sauti kubwa. Alikuwa pia baba mkwe wa Vestine. Kwa desturi ya kwao, mke hataji jina la baba mkwe wake, wala hamtii aibu mbele ya watu. Vestine aliitunza desturi hiyo kwa miaka kumi na sita. Hata kwenye daftari la ghala, alipofika kwenye jina lile, alimpa mwenzake Uwamahoro alisome.

"Mukazana," mzee alimwita, yaani mkwe wangu, "nasikia mashini yenu inasema maharagi yangu ni takataka."

"Hapana, papa. Inasema vile juu ya maharagi ya kila mutu."

"Donc Nyakiriba nzima ni takataka!"

"Sijasema vile, papa."

"Basi. Nitakaa hapa mpaka nione. Na wenzangu wanasema hivi: kama leo hamuna jibu, kesho tunabeba magunia yetu yote. Tunaipeleka mupakani, Grande Barrière. Watu wa Goma hawana kamera. Wanapika tu."

Vestine akapiga hesabu. Magunia yakienda mpakani, lori la Ijumaa lingeondoka tupu. Uwera na wenzake wangepanda tena maharagwe ya sokoni, yenye madoa. Na kuchambua magunia mia mbili kwa mikono, wanawake watano kwa siku nne? Hata Callixte aliweza kuona kwamba hiyo ni ndoto.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Vestine alilijua na hakulisema.

Mwezi wa Julai alikuwa amekwenda Nyakiriba kumsaidia baba mkwe wake kupura maharagwe. Aliyaona madoa. Si mengi kama ya mwaka uliopita, lakini yalikuwepo. Akanyamaza. Angemwambiaje mzee mwenye mvi kwamba mavuno yake yana ugonjwa? Akayajaza maharagwe kwenye magunia kama alivyoyakuta, akafunga kamba, akarudi nyumbani.

Saa nane mchana fundi alishuka kwenye basi la Kigali. Kila mtu alitazamia mwanamume mwenye sanduku kubwa la vyuma. Akaja mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge na viatu vya raba, na mkoba mdogo begani. Jina lake Jovia. Alikuwa amekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Shikamoo, mzee," alimsalimu Bizumuremyi, kisha akawageukia wengine. "Nimeambiwa mashine imeharibika. Washeni niione."

Aliitazama ikifanya kazi kwa dakika kumi. Callixte alimfuata nyuma akieleza mambo ambayo hakuyajua. Mwishowe Jovia aliinua mkono kumnyamazisha.

"Mkuu, mashine ni nzima."

"Nzima!" Vestine alidakia. "Fundi, pole, lakini angalia lile kasha jekundu. Uzima gani huu?"

"Mama, nimeliona. Ngoja."

Alichukua maharagwe kumi kutoka kasha jekundu, mazima, makubwa. Akayatupa tena kwenye mfereji. Pu! Yote kumi yakarushwa nje. Akayaokota. Safari hii akayasugua kwa nguvu kwenye upindo wa kitenge chake, moja moja. Kitenge kikaingia rangi ya kijivu. Akayatupa tena kwenye mfereji. Tisa yakaanguka kwenye kasha la kijani.

Wanawake wakalikodolea macho kasha la kijani. Mzee Bizumuremyi aliinuka kwenye benchi, akasogea kuona vizuri.

"Maharagwe ni yaleyale," Jovia alisema. "Nilichoondoa ni huu unga. Ni kitu gani?"

"Ni majivu," alijibu Uwamahoro. "Kila mutu hapa anaweka majivu mu maharagi. Bila majivu, wadudu wanatoboa yote mbele ya mwezi wa tisa."

"Ni njia nzuri. Hata kwetu walifanya hivyo. Lakini kamera haijui habari za wadudu."

"Mi mwenyewe naona ni maharagi mekundu," alisema Vestine kwa hasira. "Majivu ao hapana majivu. Hata mutoto anaona. Mashini ya bei hii yote inashindwa na mutoto?"

Jovia akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Alionekana kuchoka kidogo, kama mtu aliyewahi kulieleza jambo hilo mara nyingi.

"Sikiliza, Mama Diane. Wewe ukiona haragwe lenye majivu, akili yako inasema: hili ni jekundu, limechafuka tu. Umelijua haragwe tangu utoto. Kamera haijui haragwe. Inajua mwanga. Haragwe linapopita kwenye taa, kamera inapima mambo matatu: wekundu kiasi gani, ukijani kiasi gani, ubluu kiasi gani. Inapata namba tatu. Kisha inazilinganisha na namba za maharagwe iliyoonyeshwa siku ya kwanza. Zikikaribiana, inapitisha. Zikiwa mbali, inatupa. Majivu yanabadilisha namba zote tatu. Kwa kamera, haragwe lenye majivu ni kitu kingine kabisa."

"Hiyo siku ya kwanza ni siku gani?" aliuliza Callixte.

"Siku ilipofundishwa. Kompyuta haizaliwi na akili, mkuu. Huonyeshwa maharagwe mazuri, ikaambiwa: haya pitisha. Huonyeshwa mabaya, ikaambiwa: haya tupa. Fundi aliyeifunga hapa lazima aliomba maharagwe ya kuonyesha. Nani alimletea?"

Wanawake wanne waliangalia miguu yao. Callixte akaangalia dari.

"Ni mimi," alisema Vestine.

"Uliyatoa wapi?"

"Humu humu. Lakini mi nilichagua moja moja. Yenye kufanana yote. Tena nikaosha na maji." Sauti yake ilizidi kushuka. "Nikaanika. Nikapaka mafuta kidogo ya kupikia, ing'are."

"Mafuta!" Callixte alipiga makofi, akacheka. "Yebabawe! Mafuta!"

Vestine akamgeukia kama chui.

"Unacheka nini? Si we ulisema nisikupatishe haya mbele ya mugeni? Si we ulisema, Mama Diane, mugeni aone vitu vizuri? Na siku ile mashini ilipitisha yale maharagi yangu yote, nani alipiga makofi?"

Callixte akaacha kucheka. Jovia alijifunika uso kwa mikono miwili. Kwa muda hawakujua kama analia au anacheka.

"Saa nne nzima ndani ya basi," alisema. "Kwa sababu ya mafuta ya kupikia."

Kisha akaondoa mikono usoni.

"Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa. Mgeni hupewa kiti kizuri na sahani ya kabatini. Lakini mashine hii si mgeni. Ni mfanyakazi. Mfanyakazi mpya huonyeshwa jikoni kulivyo, pamoja na masizi. Ninyi mmeionyesha maharagwe ya arusi, halafu mnaipa kazi ya maharagwe ya kila siku. Inafanyaje? Inatupa yote. Ingekuwa mimi ningetupa pia."

Vestine aliona haya. Tangu jana alikuwa ameitukana mashine, akamtukana mkuu wake, na kosa lilikuwa limelala mikononi mwake.

"Na mabaya?" Jovia aliendelea. "Mliionyesha mabaya gani?"

"Meusi. Yenye kuoza kabisa. Kiganja kimoja."

"Yenye madoa je?"

Vestine akajifanya anakung'uta ungo. Jovia alikwenda kwenye kasha la kijani, akaingiza mkono, akachambua kwenye kiganja. Akanyoosha kidole. Maharagwe manne yalikuwa na madoa meusi.

"Haya yamepita," alisema, na sasa hakuwa na mzaha. "Yamesuguliwa na gunia, majivu yakatoka, yakang'aa. Mashine haijawahi kuonyeshwa doa. Haijui kuwa doa ni ubaya. Kwa hiyo inatupa mazima na inapitisha ugonjwa. Mkijaza lori hivi, mtawapelekea watu maradhi, tena yenye muhuri wa ghala."

Vestine akamfikiria Uwera akichimba mashimo, akitumbukiza mbegu mojamoja, akimshukuru dada yake.

"Tufanye je?" aliuliza.

"Tuifundishe upya. Nataka maharagwe mazuri kama yalivyo, kutoka magunia ya watu ishirini tofauti. Mekundu sana, mekundu kidogo, makubwa, madogo. Halafu nataka mabaya ya kila aina. Yaliyooza, yaliyovunjika, na hasa yenye madoa. Madoa makubwa na madogo. Kibaba kizima. Yako kwenye gunia lipi?"

Swali rahisi. Lakini Uwamahoro alimtazama Vestine. Wale wengine watatu nao wakamtazama Vestine. Walikuwa wachambuaji wa miaka mingi, na walijua vizuri madoa yanatoka gunia lipi. Vestine akatazama ukuta. Mzee Bizumuremyi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, ameegemea fimbo, amekunja uso.

"Mbona mmenyamaza?" Jovia alisema. "Jamani, mficha uchi hazai. Zimebaki siku tatu tu Ijumaa ifike. Semeni."

Hapo uvumilivu wa Vestine ulikwisha. Ulikwisha kwa mashine, kwa Callixte, kwa desturi, na zaidi ya yote ulikwisha kwa Vestine mwenyewe. Alimgeukia baba mkwe wake, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia:

"Papa, unisamehe. Maharagi ya madoa iko mu gunia ya nyumbani. Mi niliiona mwezi wa saba."

Uwamahoro akaziba mdomo. Callixte akarudi nyuma hatua moja, maana fimbo ya mzee ilikuwa nzito.

Mzee aliiondoa fimbo, akasimama wima.

"Uliona?" aliuliza.

"Niliona, papa."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema namna gani? We ni papa."

"Mi nilikuona ukiona!" mzee alifoka. "Unafikiri mi siko na macho? Nilikuona, nikapata haya. Ulipoenda, nikafungua magunia. Nikaongeza majivu ndoo mbili, madoa isionekane!"

Alipiga fimbo chini.

"Donc wewe unanyamaza sababu ya heshima. Mi namwanga majivu sababu ya kuona haya. Na katikati, mbegu ya watu inaoza na mashini inapata wazimu! Sisi ni watu gani?"

Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa Jovia aliuma mdomo. Mzee akakisogelea kilima cha magunia, akayapata yake saba, akakata kamba ya la kwanza kwa kisu chake mwenyewe.

"Kuya, mukazana. Leta ungo. Chukua. Chukua mingi."

Wakachambua pamoja, mzee na mkwe wake, kwenye ungo mmoja. Jambo hilo halikuwa limewahi kuonekana ghalani.

Jovia akatoa maagizo, na safari hii hata Callixte aliandika. Jambo la kwanza lilikuwa kuondoa majivu. Callixte alitaka yaoshwe kwa maji. Jovia karibu apige kelele.

"Mbegu haioshwi! Ikilowa, itaota gunini au itavunda. Chekecheni, kisha msugue kwa gunia kavu. Hilo ni jambo la mikono mingi."

"Mikono iko mitano tu," alisema Vestine, akimtazama mkuu wake. "Ingine kumi na nane iko nyumbani."

Callixte alikohoa. Jioni ileile alipita nyumba kwa nyumba akiwaita wanawake aliowafukuza. Wengine walimwacha asimame mlangoni kwanza.

Jumatano asubuhi mashine ilifundishwa upya. Jovia alipitisha mazuri mbele ya kamera, namba zikaonekana kwenye kioo cha kompyuta. Akapitisha mabaya. Akapitisha yale ya mzee, doa kwa doa. Kisha akamwonyesha Vestine mambo ya kuangalia kila siku. Kioo cha mbele ya kamera kifutwe kila saa kwa kitambaa laini kikavu, kwa sababu vumbi hubadilisha rangi. Dirisha la upande wa ziwa lifungwe, kwa sababu jua la alasiri likiingia huchanganyika na mwanga wa taa. Taa ikiungua, isiwekwe taa nyingine yoyote ya dukani.

"Lakini taa ni taa," Callixte alisema. "Mi niko na moja ya manjano mu biro, juu ya meza."

"Vaa miwani ya manjano, kisha uniambie shati lako lina rangi gani," Jovia alimjibu.

"Na mi nitajuaje kama iko nafanya vizuri?" Vestine aliuliza. "Nitaiamini tu?"

"Usiiamini hata siku moja. Kila saa chukua maharagwe mia moja kutoka kasha la kijani, uhesabu mabaya. Chukua mia moja kutoka jekundu, uhesabu mazuri. Jicho lako ndilo mkaguzi wake."

Vestine akahesabu palepale. Katika mia ya kasha la kijani, mabaya yalikuwa mawili. Katika mia ya kasha jekundu, mazuri yalikuwa tisa.

"Bado inakosea," alisema.

"Itakosea daima kidogo. Ndiyo maana mikeka haijakunjwa. Kasha jekundu lipite tena kwa wanawake, waokoe yale mazuri. Na la kijani likianza kuonyesha mabaya zaidi ya matatu katika mia, simamisha, futa kioo, angalia taa. Aina mpya ya maharagwe ikija, ifundishe tena."

Siku tatu zile ghala lilikuwa kama sherehe ya watu waliokasirika. Vumbi la majivu lilijaa hewani. Wanawake ishirini na wawili, vitambaa puani, walichekecha, walisugua, walipiga chafya na kumsema Callixte akisikia. Mashine ilimeza magunia, ikatema pande mbili. Vestine alihesabu kila saa, na kila saa alipata mabaya mawili, au moja, au matatu.

Ijumaa alasiri lori liliondoka na magunia mia moja sitini na nane ya mbegu safi. Magunia saba ya mzee Bizumuremyi yalikuwa yametoa manne tu. Maharagwe yake mengine alirudishiwa, na Jovia alimweleza kwamba haragwe lenye doa halimdhuru anayelila. Linadhuru shamba. Mzee akayabeba kwenda sufuriani, akinung'unika njia nzima, lakini miongoni mwa mbegu za kasha la kijani alijiombea kikapu kimoja cha kupanda mwenyewe.

Mvua zikanyesha. Mwezi wa Novemba Uwera alimtumia Vestine ujumbe kupitia mtu wa soko la Mahoko. Maharagwe yamepanda mpaka juu ya miti, alisema, na maganda ni mabichi, hayana hata kidonda. Vestine aliomba aelezwe mara mbili.

Mwaka mpya ulipoingia, mavuno yalianza kuletwa. Wakulima wa Nyakiriba walipanga foleni mbele ya ghala, kila mmoja na magunia yake. Wa kwanza alikuwa mzee Bizumuremyi. Kabla hajashusha gunia hata moja, alitoa kifurushi kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba, akakiinua ili watu wote wakione.

"Mukazana, haya ndiyo mabaya yangu," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Mwaka huu ni kidogo, lakini iko. Mupatie mashini, ione hii kwanza, mbele ya yote."

Vestine alikipokea kwa mikono miwili. Nyuma ya mzee watu walitazamana. Kisha mtu mmoja akakata kamba ya gunia lake, akainama, akaanza kutafuta mabaya yake. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka foleni yote ilikuwa imeinama.